Karatasi ya Timau

Jumatatu, 12 Oktoba 1959

Mvua ya vuli imeanza leo alasiri. Felicitas, binti yangu mkubwa anayenitunza, amesogeza kitanda changu mbali na upande unaovuja, nami nikamwomba daftari na kalamu. Aliuliza nataka kuandika nini na mkono unaotetemeka hivi. Nikamwambia hesabu za zamani. Nilifundisha hesabu miaka ishirini na sita katika shule ya misheni hapa Kanja, kwa hiyo hakuuliza zaidi.

Juma lililopita daktari alinisikiliza kifua, akakunja mipira yake ya kusikilizia, kisha akamgeukia Felicitas badala ya kunigeukia mimi. Nina miaka sitini na minane na sidhani kama nitakula mahindi yanayopandwa sasa.

Jana Mwendwa, kitinda mimba wangu, alikuja kutoka shule anakofundisha. Aliketi, akazungusha kofia yake mikononi, akasema amepata mchumba. Nilifurahi. Nikamuuliza ni wa nani.

"Alice," akasema. "Wa marehemu Njuki."

Nilikohoa ili nipate muda. Mwendwa alinipa maji, akanisubiri, akaendelea kusema. Anataka wazee waende kwa Peninah, mama yake Alice, kabla mvua hizi hazijaisha. Na kabla ya wazee kwenda, anataka nimbariki.

Kwetu kijana hapeleki pombe ya kuulizia msichana kabla baba yake hajaonja asali na kumtemea matone machache kifuani. Nilibatizwa mwaka 1911, na sijaona padri aliyeweza kuifuta desturi hii, wala sidhani kama alijaribu kwa moyo. Lakini asali ile hupita kinywani. Kinywa chenye damu ya mtu hakibariki, na kikiwa na damu ya ukoo ule ule anaouendea kijana, hicho kinazika.

Njuki alinyongwa Machi 1955. Kinywa kilichomfikisha kwenye kamba ni hiki changu. Hakuna anayejua yote isipokuwa mimi.

Nilimwambia Mwendwa asali imeadimika. Aonje subira.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Kikohozi. Mwendwa ametuma sukari.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiandika taarifa za mashine.

Mwaka 1951 alikuja hapa Mzungu mtaalamu wa miamba, Bwana Halden, akitafuta mtu anayejua hesabu na asiyekunywa. Padri alinitaja mimi. Tulichimba chumba nyuma ya kanisa mpaka tukafika kwenye mwamba, tukaweka hapo mashine ya kuandika mitetemo ya ardhi. Ilikuwa na uzito unaoning'inia, sindano, na pipa dogo lililozungushwa na saa. Kila asubuhi nilizungushia pipa karatasi, nikaipaka moshi wa taa ya mafuta mpaka ikawa nyeusi kama tako la sufuria. Sindano ilikwaruza masizi na kuacha mstari mweupe. Asubuhi ya pili niliivua, nikaitumbukiza katika vanishi ili isifutike, nikaianika kama nguo. Kifua changu kiliharibikia katika chumba kile. Sisemi hivyo ili nihurumiwe.

Mashine ya pili ilikuwa Timau, upande wa pili wa mlima wetu mkubwa, kwenye baridi na mashamba ya ngano. Aliitunza Mmeru mmoja aitwaye Mbaabu. Karatasi zake aliziweka katika basi kila baada ya siku kumi, nami nilizifunga pamoja na zangu na kumpelekea Bwana Halden.

Bwana Halden alinifundisha kwa Kiswahili cha sokoni, akichora mchangani. Ardhi inapopigwa, alisema, hutuma wajumbe wa namna mbili. Wa kwanza hupita ndani, wembamba na wepesi. Wa pili hutambaa juu ya uso wa nchi, wazito na wapana, na hao ndio wanaokwenda mbali. Ukihesabu sekunde kati ya mjumbe wa kwanza na wa pili, unajua aliyepiga yuko umbali gani. Ukipima ukubwa wa wale wazito katika vituo viwili, unajua ardhi ya katikati imemeza nguvu kiasi gani. Hicho ndicho alichotaka kukijua: mlima wetu unameza kiasi gani.

Ili kupima mmezo, sharti umjue mpigaji. Ujue amepiga wapi, lini, na kwa nguvu gani. Ndipo akatafutwa Njuki.

Ijumaa, 16 Oktoba

Njuki alikuwa fundi wa baruti katika machimbo ya mawe, maili tatu kutoka kanisani. Kila alipolipua aliandika saa na dakika katika daftari la shule, na kila Jumamosi aliniletea kwa baiskeli. Aliingia akiwa na vumbi jeupe kwenye nyusi na swali lile lile.

"Mwalimu, mke wako mdogo amenisengenya nini wiki hii?"

Mke mdogo ilikuwa mashine. Nilimwonyesha milipuko yake, naye aliikagua kama mtu anayetazama picha zake. Huu umetoka vizuri. Huu shimo lilikuwa na maji. Mwisho wake nilikuwa na milipuko mia moja na arobaini na mitatu ya Njuki, na ningeweza kuitambua kama mtu anavyotambua mwandiko.

Alikuwa na tamaa moja: baruti yake ifike Timau. Safari moja Bwana Halden alimwombea ruhusa ya kuweka kiasi maradufu. Tulingoja basi kwa hamu. Karatasi ya Timau ilikuwa na mstari ulionyooka kama uzi.

"Mlima umenila," Njuki akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Nataka hili likumbukwe. Katika milipuko mia moja na arobaini na mitatu, hakuna hata mmoja uliowahi kuonekana Timau.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimesikia kengele. Sikuweza kwenda.

Jumatano, 21 Oktoba

Bwana Halden alirudi kwao mwaka 1953, Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa ajili ya wapiganaji wa msituni ilipozidi. Niliachwa na mashine na maagizo.

Jumapili, 14 Novemba 1954, ilinyesha tangu asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba jioni, watu wakiwa wamekwisha kuingia ndani kwa amri ya kutotoka, nilisikia mngurumo mfupi, kama lori likivuka daraja. Nilidhani ni radi. Baadaye kidogo filimbi zikalia upande wa msitu. Mnara wa homgadi, walinzi wa kijiji walioshika upande wa serikali, ulikuwa umeanguka na kuwaua vijana wawili.

Asubuhi alikuja afisa kijana wa Kizungu pamoja na Nyaga, aliyekuwa mkubwa wa homgadi. Walikuwa wamesikia kwamba misheni ina mashine inayosikia baruti. Nilivua karatasi mbele yao, masizi yakiwa bado hayajatiwa vanishi. Mstari ulikuwa umechafuliwa na mvua na upepo kila mahali. Kisha, ghafla, palikuwa na wimbi kubwa.

Afisa aliuliza kama naijua alama ile.

Ilianza ghafla, kama za Njuki. Ukubwa wake ulikuwa kama za Njuki. Mjumbe wa kwanza sikumwona, nikadhani amefika pamoja na wa pili, kama inavyokuwa mpigaji akiwa karibu. Sasa najua alikuwepo, sekunde nane kabla, amezama katika kelele za mvua. Kioo cha kukuzia kilikuwa mezani. Rula ilikuwa mezani. Sikuvigusa. Nilijivunia jicho langu, na wakubwa wawili walikuwa wakinisubiri niseme.

"Ni baruti, Bwana," nikasema. "Karibu. Maili tatu hivi."

Mwenye ufunguo wa stoo ya baruti alikuwa mtu mmoja.

Walimpitisha mbele ya kanisa saa tano, amefungwa mikono. Aliponiona mlangoni alionekana kupata nafuu. Naweza kusikia sauti yake hata sasa, maana haikuwa ya mtu mwenye hofu.

"Mwalimu, waambie. Mke wako mdogo anajua mimi sikulipua Jumapili."

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimemwandikia Mbaabu, Timau. Nimemuuliza kama anakumbuka karatasi ya siku ile.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mwendwa amekuja na Alice. Ni mrefu kama baba yake, na ana tabia ile ile ya kutazama kitu kwa kuinamisha kichwa upande mmoja. Alinitengenezea uji wa wimbi akaukoroga mpaka ukapoa, kwa sababu aliona nashindwa kupuliza. Sikuweza kuumaliza. Alidhani ni ugonjwa.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nyaga amenitembelea. Siku hizi ni naibu wa chifu, amenenepa. Alileta mkungu wa ndizi na akamsifu Felicitas kwa usafi. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Amesikia habari za posa. Jambo jema, linaponya nchi. Watu wanasema Hali ya Hatari itaondolewa mwaka mpya, na wazee wanaokaribia safari wakati mwingine hupenda kufukua vitu. Yeye anaona kilicholala kiachwe kilale.

Nilimuuliza msingi wa ule mnara uliwekwa juu ya nini.

"Juu ya ardhi, Mwalimu. Kwani wewe umelala juu ya nini?"

Alicheka, akaniaga kwa heshima. Nakumbuka vizuri yeye alivyoujengesha: juu ya udongo mlaini uliotolewa handakini, bila kushindiliwa, kwa siku nne, kwa sababu afisa alikuwa anakuja kukagua. Udongo wa namna ile ukilowa, wimbi dogo la ardhi likipita hucheza kama uji. Nilikuwa najua hivyo hata siku ile. Ni mimi niliyewafundisha watoto wa shule habari zake.

Ijumaa, 30 Oktoba

Ndizi zimekaa mezani. Nimemwambia Felicitas awape majirani.

Jumamosi, 7 Novemba

Jibu la Mbaabu limefika. Mwandiko wake haujabadilika. Anakumbuka. Anasema alipoona alama ile aliandika kwa penseli nyuma ya karatasi, "Tetemeko, upande wa mashariki, linganisha na lako." Habari za kesi alizisikia baada ya Njuki kunyongwa. Anaendelea hivi: "Nilidhani umeionyesha mahakamani na Wazungu wakaikataa. Sikukuuliza ili nisikuongezee uchungu."

Miaka mitano Mbaabu amenihurumia.

Jumamosi, 14 Novemba

Leo ni miaka mitano. Mvua inanyesha kama siku ile. Nimeamka na nguvu kidogo, basi nitaandika lile lililobaki.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, mzee alikosea. Jicho hukosea. Ndivyo nilivyojiambia mimi mwenyewe siku tisa za kwanza.

Wakati ule Mwendwa alikuwa na miaka kumi na tisa, naye alikuwa katika kambi ya mchujo, walikozuiliwa walioshukiwa kuwasaidia watu wa msituni, tangu Septemba. Mtambuzi wa serikali, aliyefunikwa gunia usoni asijulikane, alikuwa ametikisa kichwa Mwendwa alipopita mbele yake. Nilikuwa nimeandika barua tatu kumwombea, bila jibu. Nilipotoa ushahidi wangu kuhusu karatasi, afisa aliniuliza jina la mwanangu, akaliandika. Hakuahidi kitu. Alhamisi ile, tarehe kumi na nane, Mwendwa aliingia mlangoni na cheti cha uaminifu mkononi. Alikuwa amekonda, na alilala siku mbili bila kuamka.

Jumatano, tarehe 24, basi lilileta karatasi za Timau.

Nilizifungua moja moja. Ya Jumapili ilikuwa na wimbi. Halikuwa mkwaruzo mwembamba kama unywele, lilikuwa wimbi pana, la polepole, lililodumu karibu dakika mbili, na mbele yake, kwa sababu Timau hakukunyesha siku ile na mstari ulikuwa safi, alisimama mjumbe wa kwanza, wazi kama mtu aliyesimama njiani. Nilichukua rula. Sekunde kumi na tano. Mpigaji alikuwa mbali na Timau zaidi ya maili hamsini, huko chini mashariki katika nchi kavu. Nikarudi kwenye karatasi yangu na kioo, nikamtafuta mjumbe wangu katika kelele za mvua, nikampata mahali pale pale alipotakiwa kuwa.

Baruti isiyoweza kufika Timau hata ikiwekwa maradufu haiwezi kuandika kitu kama kile. Mtoto wa darasa la nne angeelewa.

Mwendwa alikuwa amelala chumba cha pili. Nilimsikia akipumua. Nikafikiri: nikiipeleka karatasi hii nitakuwa nimemwambia afisa kwamba nilimdanganya, na jina la mwanangu liko katika daftari lake. Sikufikiri zaidi ya hapo. Natamani ningeweza kuandika kwamba nilipigana na nafsi yangu usiku na mchana. Sikupigana. Nilikunja karatasi, nikaitia katika kipande cha mwanzi, nikaziba kwa nta. Kesho yake nilikwenda kwenye shamba letu la zamani kando ya mto, nikautia mwanzi ule katika mzinga wangu mtupu uliokuwa juu ya mti wa mringaringa. Homgadi walipekua hata vyungu vya maji na majivu ya jikoni, lakini hakuna Muembu atakayetia mkono katika mzinga wa mtu mwingine. Nilitumia uaminifu wa watu wangu kama kufuli.

Katika orodha ya Bwana Halden niliandika: "Timau, 14 Novemba: saa ilisimama, hakuna karatasi." Katika kazi yote ya miaka minne huo ndio mstari pekee wa uongo.

Januari niliitwa mahakamani. Nilishika Biblia. Wakili wa Njuki, Mhindi mpole aliyepewa kesi siku moja kabla, aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, kuna kitu kingine chochote kinachoweza kuandika alama kama hii?"

Njuki alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akinisikiliza.

"Hakuna," nikasema.

Jumapili, 15 Novemba

Sikulala. Felicitas anasema niache kuandika.

Jumanne, 17 Novemba

Nilimwita Mwendwa, nikamwambia aende kando ya mto akaushushe mzinga wangu wa mringaringa. Nilimpa ruhusa mbele ya Felicitas, kama inavyotakiwa, ili asiitwe mwizi. Nilisema mzinga ni mtupu na ndani yake kuna mwanzi, aniletee.

Alirudi saa tisa, jicho moja limevimba, anacheka. Mkono mmoja alishika mwanzi uliogandwa na nta, na mkono mwingine ndoo.

"Baba, unasema mtupu? Nyuki waliingia zamani. Umekaa na asali ya kunibariki miaka yote hii, nawe unaniambia imeadimika."

Aliiweka ndoo miguuni pangu. Ilikuwa asali nyeusi ya mvua mbili, imejaa hadi ukingoni. Felicitas alichovya kidole akaniletea mdomoni, naye alikuwa anatabasamu. Niligeuza uso.

Hapo nikamwambia afungue mwanzi. Nikamwambia yote, kwa mpangilio huu huu nilioandika hapa. Felicitas alikaa sakafuni. Mwendwa alisikiliza amesimama, na karatasi iliyofunguka mkononi, mstari mweupe bado ni mweupe. Nilipofika kwenye cheti chake cha uaminifu aliitua mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kwa hiyo nilitolewa kwa gharama ya Njuki," akasema.

Nikamwambia sijui. Pengine wangemtoa hata hivyo.

"Usinihesabie, Baba."

Akatoka. Ndoo imebaki hapo. Nyuki watatu waliofuata harufu wanatembea juu ya ukingo.

Jumatano, 18 Novemba

Hajaja.

Alhamisi, 19 Novemba

Hajaja. Felicitas ananilisha bila kunitazama.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimetema damu. Mvua imekatika kidogo. Mahindi ya jirani yamefika magotini.

Jumatano, 25 Novemba

Mwendwa amekuja na Peninah. Alimwambia tu kwamba nina neno kuhusu mumewe. Mengine aliniachia mimi, na ilikuwa haki.

Peninah ni mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. Tangu Njuki aliponyongwa, shamba lao lilitwaliwa, naye huishi kwa kulima vibarua. Alikataa kiti. Nilimwambia. Mara mbili nilikatizwa na kikohozi, na mara zote mbili alingoja bila kunisaidia wala kuniharakisha.

Nilimaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana kwamba siku ile mahakamani alikuwa benchi la nyuma.

"Kabla hawajamchukua, aliniapia kwamba hakulipua. Nikakusikia wewe ukisema hakuna kitu kingine. Nikafikiri, mashine haina ukoo wala adui, itasema uongo kwa nini? Miaka mitano, Mwalimu. Nimelala miaka mitano nikidhani mume wangu alikufa akiwa amenidanganya."

Sikuwa nimelijua hili. Nilikuwa nimehesabu kifo, na shamba, na njaa ya watoto. Hili sikulihesabu.

Aliiinamia karatasi ya Timau mezani.

"Nionyeshe Njuki yuko wapi hapa."

"Hayumo, Mama Alice. Hii ni ardhi peke yake. Njuki hayumo kabisa."

Alipitisha kidole juu ya mstari tangu mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama anayehakikisha. Kisha nikamwambia Felicitas avute sanduku lililo chini ya kitanda. Ndani yake zimo nakala nilizobaki nazo za milipuko ya machimbo, na madaftari ya Njuki. Nikampa karatasi ya Jumamosi, 13 Novemba 1954, saa nne na dakika tano asubuhi. Nikamwambia, hapa yumo. Huu ni mkono wake wa mwisho.

Peninah aliitazama ile tu. Machozi hayakumtoka. Aliikunja, akaitia kifuani ndani ya nguo.

Nilimpa na ya Timau. Akaikataa.

"Ulinitolea uongo mbele ya watu, ukweli unaniletea chumbani? Ijumaa ya juma lijalo kuna baraza. Utakwenda."

"Nyaga hataruhusu," Felicitas akasema.

"Basi aje amzuie mtu anayekufa. Nami nitakuwa nimesimama pale nikitazama."

Mwendwa alimuuliza kuhusu Alice. Aliuliza kama mtoto. Peninah alimjibu kwamba bado hajafika huko.

Jumatatu, 30 Novemba

Naomba Mungu anipe siku nne. Sikuwa nimemwomba kitu miaka mingi, kwa aibu.

Ijumaa, 4 Desemba

Walinibeba kwenye kiti, Mwendwa na walimu wenzake watatu. Uwanja ulikuwa na matope. Nyaga aliponiona alisema mgonjwa arudishwe kitandani, si mambo ya leo. Peninah alikwenda akasimama kando ya kiti changu. Kisha Alice. Kisha wanawake wengine, wakiwa na majembe yao. Nyaga akaketi.

Mwendwa aliniambia atazisoma karatasi yeye. Nikakataa. Alizishika tu, moja kila mkono: upande huu mlipuko wa Njuki kama Timau ilivyouandika, mstari ulionyooka, upande huu ile Jumapili. Nikawauliza, kama darasani, zinafanana? Watoto walioketi mbele walijibu hapana kabla wakubwa hawajafungua mdomo.

Nikasema kilichofanya mstari wa pili. Nikasema kwamba nilikijua kabla ya kesi. Nikasema nilishika Biblia na nikasema "hakuna". Nikasema kwa nini. Sauti yangu haikufika mbali, kwa hiyo Alice alikuwa akirudia kila sentensi kwa Kiembu, kwa nguvu, mpaka nyuma. Hakupunguza wala hakuongeza. Aliposema "nilimwacha anyongwe" alisema hivyo hivyo, "nilimwacha anyongwe," kwa mdomo wake mwenyewe.

Mtu aliuliza, basi mnara uliangushwa na nini. Nikajibu: wimbi dogo, na udongo usioshindiliwa. Mama wa mmoja wa homgadi waliokufa alisimama. Alimtazama Nyaga muda mrefu. Akakaa.

Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Karatasi ya Timau anayo Peninah. Mwendwa amemwandikia wakili mmoja Embu, mjini, kuhusu shamba.

Jumapili, 6 Desemba

Naandika kidogo kidogo.

Asubuhi Mwendwa ameosha ndoo ya asali kwa nje, akaipeleka kwa Peninah. Imerudi haijaguswa. Nikajua ndiyo jibu, nikafumba macho.

Alasiri Peninah mwenyewe akaja, na Alice nyuma yake. Alikuwa na kibuyu kidogo. Alimwambia Mwendwa apige magoti karibu na kitanda na afungue vifungo vya shati. Mwendwa alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ya mzinga. Kisha akapiga magoti.

Peninah alinitia kibuyu mdomoni. Yalikuwa maji ya mto, baridi, bila kitu.

"Mtemee hayo," akasema. "Asali bado."